Asilimia Arobaini na Moja

Iko nchi moja, si mbali sana na hapo msomaji ulipoketi, iitwayo Mbelembele. Watu wake ni wapole, ardhi yake ina rutuba, na katiba yake inakataza kurudi nyuma. Hata madereva wa huko hupata taabu kuegesha magari. Rais wao wanamwita Mtukufu Baba wa Kasi, jina alilotunukiwa na Bunge alipoapishwa kwa mara ya sita.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Sikujua Malenda. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu zinazomhusu mwanamume mmoja aliyeaga kwamba anakwenda kununua mafuta ya taa. Sikujua alikuwa mwandishi wa hotuba wa Wizara ya Usasa, na kipaji chake kilijulikana hata Ikulu. Daraja likiporomoka, aliweza kulieleza mpaka msikilizaji akajiona mshamba kwa kupenda madaraja. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Fidelis Makeke, hakuthubutu kusema hata "karibuni chakula" bila karatasi ya Sikujua.

Sasa Serikali iliamua kusasisha mfumo endeshi wa kompyuta zote za umma kwa mpigo mmoja: za hospitali, magereza, mahakama, reli, hata ile ya mizani ya ng'ombe kule mpakani. Mfumo wa zamani ulikuwa unafanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililowaudhi wakubwa, maana kitu kinachofanya kazi hakitangaziwi zabuni. Zabuni ilitangazwa. Kampuni zote zikashindwa isipokuwa moja ya ughaibuni, ambayo ofisi yake ya hapa nchini ilikuwa sebuleni kwa shemeji yake Waziri, baina ya kabati la vyombo na jokofu.

Siku ya uzinduzi watu walijazwa Uwanja wa Taifa tangu asubuhi. Mbele yao palisimamishwa skrini kubwa kama ukuta wa ghala, na juu ya mto wa mahameli nyekundu pakawekwa kitufe cha dhahabu. Baba wa Kasi alikibonyeza kwa kidole cha shahada, kidole ambacho wiki hiyo hiyo kilitangazwa kuwa urithi wa taifa. Skrini ikaandika: TAFADHALI SUBIRI. USIZIME KOMPYUTA YAKO. Chini yake namba zikaanza kupanda. Kumi. Ishirini na tano. Watu wakashangilia. Thelathini na nane. Arobaini na moja.

Zikasimama hapo.

Bendi ilipiga wimbo wa taifa. Ikaurudia. Zilipokwisha nyimbo zote za kizalendo ikaingia za harusi. Mabalozi walijipepea kwa ratiba. Baba wa Kasi akamtazama Waziri, na Waziri akamtazama Sikujua.

"Andika kitu," alimnong'oneza. "Chochote."

Karatasi haikuwepo, kwa hiyo Sikujua akaandika kwenye kiganja cha Waziri. Mheshimiwa Makeke akapanda jukwaani ameinua mkono kama anayekula kiapo, akasoma: "Ndugu wananchi, ziko nchi zilizokimbilia asilimia mia, zikafika zinahema. Sisi tunakwenda kwa kasi iliyotulia. Ninapozungumza nanyi sasa hivi, asilimia arobaini na moja ya kesho yetu tayari tunayo."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Baba wa Kasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Sikujua alirudi nyumbani siku ile akijisikia mtu mkubwa, na sioni sababu ya kumlaumu. Hata wewe ungejisikia hivyo.

*

Asubuhi iliyofuata kila kompyuta ya umma katika Mbelembele ilikuwa na maneno yale yale na namba ile ile. Wizara ikaitisha kikao cha dharura. Mhandisi Mkuu, Bwana Pesambili, ambaye Serikali ilimsomesha kwa gharama katika vyuo vitatu vya nje, alisimama na kusema jambo ambalo hata mtoto wa kibanda cha kuchaji simu angelisema: mashine ikigoma, unaizima, unaiwasha.

Chumba kizima kiliacha kutafuna korosho.

"Rudia," akasema Waziri.

"Tuzime, mheshimiwa, halafu tuwashe."

"Bwana Pesambili, maneno 'usizime' yalitokea kabla au baada ya kidole cha Mtukufu kugusa kitufe?"

"Baada, mheshimiwa."

"Basi ni maneno ya nani?"

Bwana Pesambili alikuwa na akili, lakini si za aina hiyo. Akasema ni maneno ya kompyuta. Jioni yake akahamishiwa Idara ya Takwimu za Dagaa, huko ziwani, na kikao kikampa Sikujua kazi ya kuandika Agizo la Taifa la Kutozima.

Aliliandika wakati wa chakula cha mchana tu. Lilikuwa fupi na tamu: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuzima, kujaribu kuzima, au kutamani kuzima kompyuta ya umma." Chini yake akaweka kaulimbiu: Kusubiri ni Kujenga. Waziri aliisoma mara mbili akatokwa na machozi. Mabango yakachapwa, na kila kompyuta ikawekewa askari wa kulinda soketi.

Nchi ikaanza kusubiri kwa bidii. Maharusi hawakuandikishwa, wakakaa kwa wazazi wao wakiwa wamevaa pete. Treni ya kaskazini ilisimama baina ya stesheni mbili kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ilikwisha kuondoka. Wafungwa waliomaliza vifungo waliendelea kukaa ndani, na waliopaswa kuingia walikaa nje wakiuza mahindi ya kuchoma mbele ya gereza. Wabunge ndio waliovumilia kuliko wote. Mashine ya mahudhurio ilikuwa haijawasajili kutoka, kwa hiyo kisheria walikuwa bado wamo kikaoni, na posho ya kikao ikawa inatembea hata wakiwa kwao wamelala.

Kisha namba ikashuka. Arobaini na moja ikawa thelathini na tisa.

Hili lilikuwa zito, kwa sababu ya ile katiba. Waziri alimpigia Sikujua akiwa amefunika simu kwa mkono. "Imerudi ny... imerudi kule," alisema. "Tunasemaje?"

"Tuseme beberu huchukua hatua kadhaa kabla ya kupiga kichwa," Sikujua akajibu.

"Hatua za kwenda wapi?"

"Hatutasema za kwenda wapi."

Kesho yake gazeti la Serikali likaandika kwa herufi nene: BEBERU AJIPANGA. Watu wakasoma, wakakunja gazeti, wakafungia maandazi.

*

Mama yake Sikujua, Bi Tausi, alikuwa ameuza uji sokoni muda wa ujana wake wote, na kwa uji huo akamsomesha bintiye mpaka akajua kupamba maneno. Siku moja alianguka sokoni akiwa ameshika tumbo. Jirani akampeleka Hospitali Kuu kwa bajaji, na ndipo Sikujua alipopigiwa simu.

Alimkuta kwenye benchi la ukumbini, mgongo ameuegemeza ukutani, jasho linamtiririka. Juu ya kichwa chake palikuwa na bango: Kusubiri ni Kujenga.

Dakta Lwitiko, mpasuaji, alikuja akiwa na glavu mkononi ambazo alikuwa amezivua na kuzivaa hata zikalegea. "Utumbo umejisokota," alisema. "Nikimfungua leo, atapona. Nikimfungua kesho, sina la kukuahidi."

"Basi mfungue."

"Nitampitisha wapi?"

Akamwonyesha mlango wa chumba cha upasuaji. Ulikuwa wa chuma, unang'aa, fahari ya bajeti iliyopita, na haukuwa na kitasa. Kitasa kiliondolewa kwa kuwa ni cha kizamani; mlango ulifunguliwa na kompyuta. Mashine ya usingizi ilikuwa ndani, na hewa ya oksijeni pia. Kompyuta yenyewe ilikaa kwenye meza kando ya mlango, imeandika TAFADHALI SUBIRI, na pembeni ya soketi alisimama koplo mwenye bunduki.

"Na hospitali nyingine?"

"Zote zina milango mizuri kama huu," akasema daktari.

Kando ya Bi Tausi palikuwa na machela, na juu yake mtu amefunikwa kanga mpaka usoni. Mwanamke mnene aliketi chini akiwa ameshika mguu wa machela.

"Ni mume wangu," mwanamke yule alisema bila kuulizwa. "Ndimbo, seremala wa Mtaa wa Chini. Ngiri ilimnasa. Amekufa tangu asubuhi, lakini hawawezi kunipa mwili. Mashine inasema bado anasubiri."

Sikujua alitaka kusema neno la pole, akagundua kwamba kila neno lililomjia lilikuwa la hotuba. Akakamata mkono wa mama yake.

"Haya maneno ya ukutani," Bi Tausi akauliza polepole, "ni yako?"

"Ni ya Wizara, mama."

"Wizara haina mkono mzuri hivyo. Nimekusomesha mimi, nakujua." Akafumba macho maumivu yapite. "Yamenyooka. Ningeyapenda kama nisingekuwa chini yake."

*

Sikujua alitoka uani akampigia Waziri. Simu iliita kwa mlio wa kigeni. Mheshimiwa Makeke alikuwa ughaibuni kwa ajili ya jino.

"Pole sana, dada Sikujua," alisema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Mama yako ni mama yetu sote. Huku niliko bado wako nyuma, usiwaone. Kompyuta zao hazina hata sherehe. Zinafanya kazi tu, basi."

"Mheshimiwa, naomba ruhusa wazime moja. Moja tu, ya chumba cha upasuaji."

"Wewe ndiye uliyetufundisha, Sikujua. Hata kutamani ni kosa. Ila usijali, nakutumia msaada sasa hivi."

Msaada ulifika upesi kwa kweli. Ulikuwa kapu la matunda lililofungwa utepe wa rangi za bendera, pamoja na watu wa televisheni ya taifa. Mtangazaji, kijana mwenye poda usoni, akapiga goti mbele ya Bi Tausi na kumsogezea kipaza sauti.

"Bibi, watazamaji wanataka kujua. Unajisikiaje kusubiri kwa ajili ya taifa lako?"

"Mwanangu, najisikia tumbo."

Mtangazaji akamgeukia mpiga picha. "Tutakata hapo. Tuanze upya. Bibi, sema tu, 'Kusubiri ni Kujenga', halafu tabasamu."

"Aliyesema hivyo yuko nyuma yako," akajibu Bi Tausi. "Muulize yeye anajenga nini."

Kamera ikageuka. Sikujua aliona taa nyekundu ikimtazama, akaona na mabango mengine chini ya ukumbi, lingine na lingine, yote kwa sauti yake. Alikuwa ameandika hotuba za watu wengine kwa miaka mingi na hakuwahi kuzisikiliza akiwa upande wa benchi. Zilikuwa zinachosha. Zilikuwa zinanuka dawa ya choo. Mke wa Ndimbo naye alikuwa anamtazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetazama mvua aliyoambiwa haitanyesha.

Sikujua akaenda moja kwa moja mpaka kwa koplo.

"Afande, agizo lako linasemaje?"

Koplo akakaza mgongo. "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuzima, kujaribu kuzima, au kutamani kuzima kompyuta ya umma."

"Linasema chochote kuhusu kuchomoa waya?"

Koplo akalirudia agizo kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. "Halisemi."

"Kuzima ni kubonyeza kitufe. Mimi sitabonyeza kitu. Wala sitamani kuzima. Natamani kuchomoa."

"Lakini mama, ikichomolewa si itazimika?"

"Hilo litakuwa shauri lake yenyewe."

Koplo alifikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa na mama pia, alikuwa na ngiri pia, aliyokuwa akiificha ili asistaafishwe. "Aliyeandika agizo alikusudia nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alikusudia apandishwe cheo," Sikujua akasema. "Ni mimi."

Koplo akageuza uso, akaanza kulikagua dirisha kwa makini. Sikujua akainama, mbele ya kamera, akachomoa waya ukutani.

Skrini ikafa. Mtangazaji alirudi kinyumenyume mpaka akakalia kapu la matunda. Sikujua akarudisha waya. Kompyuta ikanguruma, ikatafakari, na iliposhindwa kumaliza ilichokianza ikarudi kwenye mfumo wake wa zamani, ule uliokuwa ukifanya kazi vizuri. Mlango wa chuma ukateleza ukafunguka.

"Machela," akasema Dakta Lwitiko.

Bi Tausi alipasuliwa mchana ule akapona. Baada yake aliingia mtu mwingine, na mwingine, na mwishoni, baada ya kuombwa sana, daktari alimpasua koplo. Mke wa Ndimbo alipewa mwili wa mumewe. Alimpita Sikujua mlangoni akasema "asante" kwa sababu alilelewa vizuri, na neno hilo lilimuuma Sikujua kuliko tusi.

*

Televisheni ya taifa haikuonyesha kitu, lakini mpiga picha alikuwa na shemeji, na shemeji alikuwa na simu. Habari ikazagaa. Reli wakachomoa. Magereza wakachomoa. Mizani ya ng'ombe ikachomolewa na mchungaji mwenyewe. Kabla wiki haijaisha nchi nzima ilikuwa imerudi kwenye mfumo wa zamani, na treni ya kaskazini iliingia stesheni ikiwa na abiria waliokwisha kulima bustani kando ya mabehewa.

Waziri alirejea na jino jipya. Pale pale uwanja wa ndege akatangaza kwamba usasishaji umekamilika kwa asilimia mia, kwamba mfumo mpya umefanana na ule wa zamani kwa makusudi ili wananchi wasipate tabu kuuzoea, na kwamba mbinu ya kuchomoa ilibuniwa na Mtukufu Baba wa Kasi usingizini. Ikatungwa Sheria ya Kuchomoa. Shemeji yake Waziri akalipwa kiasi kilichobaki. Ikatangazwa pia Nishani ya Kuchomoa, daraja la kwanza, atakayotunukiwa Mheshimiwa Makeke.

Sikujua alikamatwa siku hiyo hiyo kwa kosa la kuchomoa kabla kuchomoa hakujawa halali.

Waziri alikwenda kumwona mahabusu, akiwa amebeba kalamu na karatasi safi. Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Jumamosi napewa nishani," alisema. "Sina hotuba. Vijana wamejaribu, wameniandikia kama tangazo la sabuni. Niandikie ukurasa mmoja, Sikujua, na jioni utakuwa nyumbani unamkorogea mama yako uji."

Sikujua akachukua kalamu. Aliandika bila kusita, akamrudishia. Waziri akageuza karatasi upande wa pili kutafuta hotuba iliyobaki, kwa maana kulikuwa na sentensi moja tu: "Ndimbo, seremala wa Mtaa wa Chini, alikufa akisubiri."

Mheshimiwa Makeke hakukasirika. Alikuwa mtu wa maelewano. "Sentensi yenyewe ina mdundo," alisema. "Naweza kuanza nayo, watu wakahuzunika kidogo, halafu tukapanda. Ila hili neno 'alikufa' ni kavu mno. Tuseme 'alitangulia mbele'. Unaona? Hata jina la nchi limo."

"Alikufa, mheshimiwa."

"'Aliitika wito.'"

"Alikufa."

"'Alikamilisha asilimia zake.'" Waziri akapendezwa nalo, akalirudia taratibu. "Hilo ni zuri kabisa. Umeniambukiza, dada. Niruhusu hilo, utoke leo."

Sikujua alimtazama. Mara ngapi alikuwa amekubali neno moja tu. Neno moja lilikuwa daraja, jingine lilikuwa njaa ya wilaya nzima. Hakuna hata moja lililokuwa kubwa wakati wa kulibadilisha.

"Ondoka na karatasi yako," alisema.

Mahakamani hakimu alimwuliza jina. "Sikujua," akajibu, na hakimu akamwonya kwamba kutojua si utetezi. Akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, kwa kompyuta iliyokuwa inafanya kazi bila matatizo.

*

Bi Tausi alipopata nguvu alikwenda kumwona gerezani, akitembea kwa kujishikilia mshono. Alipeleka uji kwenye chupa ya chai, na mlinzi alipokwisha kuuonja kwa usalama wa taifa, mama na binti wakaketi pande mbili za wavu.

Alimweleza habari za nje. Waziri alipokea nishani akiwa kimya, mkono kifuani. Magazeti yakamsifu kwa unyenyekevu. Ile sentensi ya Sikujua mlinzi mmoja wa mahabusu aliiona mkononi mwa Waziri, ikamkaa kichwani, akaitoa nje, na haijulikani ilipitia wapi mpaka ikafika Mtaa wa Chini. Mke wa Ndimbo akamwambia fundi msaidizi wa marehemu aichonge kwenye mlango wa karakana. Aliichonga kwa patasi, kina cha kidole. Polisi wakaja na rangi, wakapaka, herufi zikaonekana vizuri zaidi kwa kivuli. Wakajaribu kuziba kwa lami. Mwishowe waliung'oa mlango wote, wakaupandisha kwenye gari, ukafunguliwa jalada na kuwekwa mahabusu.

"Kwa hiyo wameshinda," akasema Sikujua.

"Wameshindaje? Karakana iko njia ya sokoni, sasa ipo wazi kama mdomo. Kila apitaye anauliza, mama, mlango wenu umekwenda wapi? Naye mke wa Ndimbo anaacha kazi, anamweleza tangu mwanzo."

Sikujua aliuweka mkono kwenye wavu. "Anaeleza vizuri?"

Bi Tausi alifikiri, maana hakutaka kumdanganya. "Hajui kupamba. Anababaika, mahali pengine analia. Anasema tu jinsi alivyokufa."

"Inatosha," akasema Sikujua, akafungua kifuniko cha chupa, akanywa uji.